Asubuhi ya kliniki sukari iko sawa, kipimo cha miezi mitatu kinasema 9.4: nani anadanganya?

Swali

"Habari za kazi daktari. Mimi ni mama wa miaka 54, nauza chakula Mbagala. Kisukari ninacho mwaka wa tano sasa. Kila mwezi nakwenda kliniki kwenye kituo cha afya, nikipimwa asubuhi napata 6 na kitu, ikizidi sana 7. Mwezi uliopita wakanipima kile cha miezi mitatu, kikaja 9.4. Daktari akaniambia mbele ya watu: 'Mama, unatudanganya, nyumbani unakula ovyo.' Nililia njiani. Sikudanganya, ila kweli usiku wa kuamkia kliniki sili, nakunywa chai ya rangi tu. Mashine zao mbovu? Metformini niliandikiwa mara mbili, nameza ya usiku tu kwa sababu jirani kaniambia inaua figo. Asubuhi nameza kile kidonge kidogo, glibenklamidi, nikitoka saa kumi na moja alfajiri. Kula ni saa tano au sita wateja wakipungua, saa nyingine natetemeka mpaka ninywe soda ndiyo natulia, nadhani uchovu. Mwanangu kaninunulia mashine lakini vijiti ghali, sijui nipime lini. Kaona pia Kariakoo dawa ya unga ya kumaliza kisukari, tununue? Na yule daktari nimwambieje nisionekane najifanya mjuaji?"

Jibu

Shikamoo mama. Pole kwa yaliyokukuta, na pole zaidi kwa kuwa yalikukuta mbele ya watu. Umeuliza mengi, na yote nitayafikia. Lakini naanza na jambo ambalo wewe hukuliuliza, umelitaja tu ukipita: kule kutetemeka. Hilo halisubiri.

Huo si uchovu mama. Kwa unavyoeleza, ni sukari inashuka. Glibenklamidi inakwenda kwenye kongosho na kulisukuma litoe insulini, na haiulizi kama umekula au hujala. Wewe unaimeza alfajiri, chakula kinaingia masaa sita baadaye. Muda wote huo insulini inazunguka kwenye damu na kuondoa hata ile sukari kidogo iliyopo. Ikishuka chini ya 3.9 (milimoli kwa lita, zile namba za kipimo cha kidole) mwili unaanza kupiga kelele: mikono inatetemeka, jasho linatoka hata kukiwa na upepo, moyo unakwenda mbio, unashikwa na njaa ya ghafla na hasira zisizo na mwenyewe. Ikiendelea kushuka, mtu huongea yasiyoeleweka, halafu huanguka. Na wewe kazi yako ni kusimama mbele ya mafuta yanayochemka.

Kwa hiyo kuanzia kesho kidonge hicho usikimeze mpaka chakula kiwe mbele yako. Asubuhi ambayo unajua hutakula, usikimeze asubuhi hiyo. Na usisubiri tarehe ya kliniki. Rudi wiki hii uwaambie kwa maneno haya haya uliyoniandikia mimi, kwa sababu huenda ukabadilishiwa dawa. Ukishikwa tena kabla hujaenda, koroga vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji unywe, au nusu chupa ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Subiri dakika 15, pima. Kama bado iko chini ya 3.9, rudia. Ikishapanda, kula chakula.

Nimesema nusu chupa kwa makusudi. Chupa nzima ina sukari kama vijiko vinane, na wakati huo ini lako nalo limeshaamka na kumwaga akiba yake kwenye damu ili kukuokoa. Ukijumlisha na wali unaofuata, kufikia saa nane mchana sukari iliyokuwa chini ya 4 inaweza kuwa imeruka mbali sana upande wa pili. Ulipoandika "natulia" ulikuwa sahihi, ila kutulia huko kunaacha alama, na alama hiyo ni sehemu ya ile 9.4.

Sasa swali lako lenyewe. Mashine si mbovu, na wewe hukudanganya. Vipimo viwili vinajibu maswali mawili tofauti. Cha kidole kinasema sukari ni kiasi gani dakika hii. Hiki kingine, kinachoandikwa HbA1c, kinaangalia chembe nyekundu za damu. Kila chembe inaishi kama siku 120, na muda wote inaogelea kwenye sukari. Sukari hujibandika juu yake na haitoki mpaka chembe yenyewe ife. Wewe ni mpishi, utanielewa nikisema ni kama masizi kwenye sufuria. Leo unaweza kupika kwa gesi, lakini atakayegeuza sufuria yako ataona siku ngapi imekaa juu ya kuni. Tofauti ni kwamba masizi haya yanahesabu zaidi wiki za karibuni kuliko za zamani, ndiyo maana ukibadilika leo, ndani ya miezi mitatu kipimo kinakuwa kimeshakuona.

Ile 9.4 ni asilimia, si namba ya mashine ya kidole. Ni sawa na kusema sukari yako, ukichanganya mchana na usiku, imekuwa na wastani wa 12.4 hivi. Kama alfajiri ni 6.8 na wastani ni 12.4, basi kuna masaa ambayo iko 15, pengine 17, na hakuna mtu amewahi kuyaona, hata wewe. Kliniki inakupima ukiwa umelala njaa, asubuhi, baada ya metformini ya usiku kulituliza ini. Hiyo ndiyo saa yako nzuri kuliko zote za mwezi mzima. Ni kama mgeni anayekuja siku ya Idi peke yake kisha akaamini watoto wako kila siku wanashinda na nguo mpya.

Kuna tahadhari moja. Kipimo hiki kinategemea afya ya chembe zenyewe. Upungufu wa damu wa kukosa madini ya chuma unaweza kukipandisha bila sababu ya sukari. Selimundu au kuongezewa damu hivi karibuni huweza kukifanya kisome chini kuliko ukweli. Ukiwa na lolote kati ya hayo, waambie. Ila kwa maelezo yako, soda ile na metformini nusu, mimi naiamini 9.4.

Nikiri na mimi kitu. Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa na mgonjwa, mzee mmoja dereva wa daladala, na kwenye faili lake niliandika "hafuati masharti". Mwaka mzima nimemwandikia hivyo, mpaka siku moja nesi akamuuliza swali nisilowahi kumuuliza: unakula saa ngapi? Ikajulikana anakula mara moja, saa tano usiku, akishakabidhi hesabu kwa tajiri. Masharti niliyokuwa nayasema mimi ni ya mtu mwenye kifungua kinywa, chakula cha mchana na cha jioni. Hayakuwa yake. Simtetei aliyekudhalilisha, lakini ujue anatazama nini: foleni. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta asilimia 9.1 ya watu wa miaka 25 hadi 64 wana kisukari, yaani kama mmoja kati ya 11. Kwenye zahanati na vituo vyetu daktari anapata dakika chache na namba moja. Ukimpa namba moja, atahukumu kwa namba moja.

Ndipo mashine aliyokununulia mwanao inapopata kazi. Wengi wanapima kila asubuhi wakiamka, kijiti kimoja, na kila siku wanapata jibu lile lile walilokwisha kulijua. Kwako wewe huko ni kutupa hela. Wewe pima kwa jozi. Chagua mlo mmoja, pima kabla ya tonge la kwanza, kisha pima tena masaa mawili tangu ulipoanza kula. Fanya jozi mbili kwa wiki. Wiki hii mlo wa usiku, wiki ijayo wa mchana, inayofuata wa asubuhi. Hiyo ni vijiti vinne kwa wiki. Pakiti ya vijiti 50 ukiitumia hivyo kwa wiki nane inaondoka 32, na 18 vinabaki kwa ajili ya siku za kutetemeka au za homa. Kabla ya kula tunapenda kuona kati ya 4 na 7, na masaa mawili baada ya kula isifike 10. Ikipanda mbili au tatu kutoka pale ulipoanzia, sahani hiyo mwili wako umeimudu. Ikipanda sita, imekuzidi, hata kama ni chakula ambacho kila mtu anakisifia.

Mikono, mama. Unakanda unga, unamenya maembe, unagusa sukari. Chembe ya sukari kwenye kidole inaweza kukupa 14 ambayo haipo. Nawa kwa maji na sabuni, kausha kabisa, choma pembeni mwa ncha ya kidole na siyo katikati, maana pembeni hapaumi sana. Vijiti visikae jikoni. Joto na unyevu wa Dar vinaviharibu, kwa hiyo funga kopo mara tu ukitoa kimoja na uangalie tarehe. Na usigombane na mashine kwa tofauti ndogo: kiwango cha kimataifa kinaruhusu ikosee mpaka asilimia 15, kwa hiyo 6.8 na 7.4 zihesabu ni kitu kimoja.

Kila namba iandike kwenye daftari la kawaida la shule, na mbele yake uandike ulichokula, ulimeza nini, saa ngapi. Namba isiyo na chakula pembeni yake haimsaidii mtu. Kule kuonja pilau na mchuzi kutwa nzima nako kuandike.

Kuhusu figo. Jirani yako simlaumu, pengine amemwona mtu figo zimechoka, daktari akamwachisha metformini, naye akachukua mwisho wa habari akaufanya mwanzo. Metformini haili figo. Inatolewa mwilini kupitia figo, kwa hiyo figo zikiwa dhaifu sana dawa hujikusanya, ndiyo tunapunguza kipimo au tunaiacha. Kinachoharibu figo ni sukari kukaa juu miaka, na presha. Kwa maneno mengine, kidonge ulichokuwa unakiacha ili kulinda figo ndicho kilikuwa kinazilinda. Lakini usiniamini hivi hivi. Omba upimwe kreatinini ya damu (taka ambayo figo huichuja) na protini kwenye mkojo, kila mwaka walau mara moja, na ukiambiwa majibu yaandike kwenye daftari. Majibu yakiwa mazuri, rudi kwenye dozi uliyoandikiwa. Ikikuchafua tumbo, imeze katikati ya chakula. Kama bado, ipo ya kuyeyuka polepole, iulizie. Siku unayoharisha au kutapika sana, isimamishe mpaka utengemae na uende kituoni. Na kwa kuwa umeitumia miaka, ukianza kufa ganzi miguuni, waambie pia, maana inaweza kupunguza vitamini B12.

Chakula nitasema kidogo, kwa sababu najua umeshaambiwa "punguza wanga" hadi umechoka. Hukuniandikia unakula nini usiku, lakini mama lishe wengi ninaowaona mlo wao mkubwa ni kilichobaki, saa nne usiku, mara nyingi wali wa nazi, kisha kitanda. Kama ndivyo, anza na hapo tu. Wali usizidi ngumi yako, mchicha au matembele yajaze nusu ya sahani, samaki au maharage yachukue panapobaki. Sikukatazi ugali. Dona ni bora kidogo kuliko sembe, lakini dona nayo ni wanga, mlima wa dona ni mlima. Uji wa ulezi, ambao wagonjwa wangu wengi huamini ni dawa, mara nyingi unapandisha sukari haraka kuliko ugali, kwa kuwa umesagwa laini na umeshalainika kwa maji, tumbo halina kazi ya kufanya. Usinibishie wala usiniamini, pima jozi ya uji na jozi ya mhogo wa kuchemsha uone mwenyewe. Ukimaliza kula tembea robo saa, hata kuzunguka uani. Msuli unaofanya kazi unavuta sukari bila kungoja insulini. Kusimama jikoni kutwa kunachosha, ila si kutembea.

Je, hayo yatatosha? Nikuambie ukweli: kutoka 9.4 kwenda 7, ambayo ndiyo tunaitaka kwa watu wengi, huenda chakula na metformini kamili visifike huko peke yake. Kidonge cha asubuhi kinaweza kubadilishwa kwa gliklazidi, ndugu yake ambaye hashushi sukari kwa fujo kama yeye, ingawa naye anaweza kuishusha. Zipo dawa mpya zisizotetemesha kirahisi, lakini hazipatikani kila kituo na bei yake si ya kila mfuko. Na kuna insulini. Najua neno hilo linavyosikika mtaani, kwamba ukifika kwenye sindano umefika mwisho. Si hivyo. Aina hii ya kisukari inachosha kongosho taratibu mwaka hadi mwaka, na baadhi ya watu hufika mahali linahitaji kusaidiwa. Anayefika hapo hakukosea, na wengi hujuta kuchelewa tu. Lakini wewe sasa hivi mimi nisingekuanzishia sindano kabla ya kuona daftari la mwezi mmoja lenye dawa zinazomezwa kwa wakati wake.

Umwambieje daktari? Kwanza, usiku wa kuamkia kliniki usijinyime chakula. Kula kama kawaida yako, atazame maisha yako yalivyo. Ukiingia, kabla hajafungua faili, sema jambo moja: "Daktari, nashuka sukari asubuhi nikimeza kidonge hiki, na baada ya kula usiku napanda. Nimeandika hapa, naomba unisaidie kusoma." Kisha mpe daftari wazi, ukurasa ukiwa umeshafunguliwa, si likiwa kwenye mkoba. Huko si kujifanya mjuaji, umeomba msaada na umeleta ushahidi, na daktari mwenye foleni ya watu 40 anapenda mtu aliyemrahisishia. Mweleze pia ya metformini ya usiku tu, bila aibu. Akikuandikia dozi mpya akiamini unameza mara mbili, atakuwa anaongeza dawa juu ya hesabu isiyo ya kweli, na hapo ndipo ajali hutokea. Kabla hujanyanyuka muulize: nimebadilishiwa nini, kwa nini, na nikiona namba gani nirudi mapema? Akikujibu kwa ukali tena, mwombe muuguzi wa kliniki akae nawe dakika tano, mara nyingi wao ndio wenye subira. Na kama miezi mitatu inapita hakuna kinachobadilika, omba rufaa. Kwa mtu wa Mbagala mara nyingi itakuwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Temeke.

Omba pia macho yapimwe kwa kutanua mboni, hata kama unaona vizuri, na miguu ikaguliwe ukiwa umevua viatu. Mwaka wa tano huo, kama hujafanyiwa bado, umechelewa. Nyumbani tazama nyayo kila usiku, kati ya vidole pia, na kwenye moto na mafuta usisimame na kandambili.

Yasiyosubiri kliniki ni haya: kidonda chochote mguuni, hata kidogo na hata kisichouma, sukari inayokaa juu ya 15 ukipima na kurudia, hasa ukiwa na kiu kali, kutapika au kuhema haraka, kuona ukungu kwa ghafla, na sukari iliyoshuka ikakataa kupanda baada ya kurudia maji ya sukari mara mbili. Hapo ni hospitali, usiku au mchana. Wafundishe watoto na yule binti anayekusaidia kupika: ukianguka au ukashindwa kumeza, wasikumiminie kitu mdomoni, wakulaze ubavu na wakukimbize.

Imebaki dawa ya unga. Mitishamba siidharau, metformini yenyewe chimbuko lake ni mmea wa Ulaya uitwao galega, na wagonjwa Ufaransa walianza kuitumia miaka ya 1950. Tofauti ni kwamba kidonge kimepimwa, miligramu 500 ni 500 leo na kesho. Unga wa kwenye kikopo hakuna anayejua ndani mna nini. Katika nchi mbalimbali wakaguzi wamewahi kukuta dawa za "asili" za kisukari zimechanganywa kimyakimya na glibenklamidi, ndiyo maana zinaonekana kufanya kazi haraka. Ukijumlisha na kile chako cha asubuhi utakuwa umemeza mara mbili bila kujua, na tumbo tupu. Hela hiyo mwambie mwanao anunue vijiti.